Mto wa Tatu

Siku baba alipotutoka nilikuwa katika nyumba ya sita. Nilikuwa Msalato, upande wa juu wa barabara, nimekaa kwenye mkeka wa mama mmoja anayeitwa Lulu, nimefungua bango kitita kwenye ukurasa wa usingizi. Bango kitita ni lile daftari kubwa la picha ambalo sisi wahudumu wa afya ya jamii tunalibeba nyumba kwa nyumba. Upande wa picha unamtazama mwenye nyumba, upande wa maneno unanitazama mimi. Ukurasa wa usingizi una picha ya mtu aliyelala kwa ubavu chini ya chandarua, dirisha limefunguliwa kidogo, simu iko mbali juu ya meza. Nilikuwa nimefika kwenye habari za chai.

"Chai ya rangi na kahawa, mwisho saa kumi jioni," nilimwambia Lulu.

"Baba Imrani asipopata chai ya usiku anasema sijampikia."

"Mpe maziwa."

"Maziwa ya mtoto hayo. Yeye mtoto?"

"Usiku, wote ni watoto," nikasema, naye akacheka mpaka akajiziba mdomo kwa khanga.

Simu yangu ikaita. Alikuwa Yahaya, kaka yangu, anayeishi Chemba na baba.

"Asalaam aleikum, Munira."

"Waaleikum salaam. Shikamoo kaka."

"Marahaba. Hamjambo huko?"

"Hatujambo. Za Chemba?"

"Salama." Nikasikia mngurumo wa gari. "Ila toka usimame barabarani. Niko na baba kwenye gari la wagonjwa, tumeshapita Haneti."

Ndivyo tunavyosema sisi. Nyumba ikiungua, kwanza ni salama, halafu ndipo inapokuja ila. Nimekulia ndani ya salamu hizo na sikuwahi kuzitilia maanani hadi siku ile.

Nilisimama barabarani karibu saa nzima, bango kitita kwapani, malori ya kokoto yakipita kuelekea uwanja mpya wa ndege na kunifunika vumbi. Nilikuwa na hofu, lakini hofu ya mtu anayejua kazi. Niliwaza malaria, niliwaza nimonia. Nilijiambia nikiingia kwenye gari nitamshika paji la uso, nitamlaza vizuri, nitamlegeza nguo.

Gari likasimama, mlango wa nyuma ukafunguliwa. Yahaya alikuwa mbele na dereva. Nyuma kulikuwa na muuguzi, mama wa makamo, jina lake Restuta lilikuwa limeandikwa kifuani. Baba alikuwa amekaa. Kitanda cha wagonjwa kilikuwepo, lakini yeye alikuwa amekaa ukingoni mwake, mikono juu ya magoti, mabega yakipanda na kushuka kama mtu aliyetoka kukimbia.

"Mbona hamjamlaza?" nikasema. "Baba, lala upumzike."

Nikamshika bega nikamsukuma taratibu kuelekea kwenye kitanda.

"Usimlaze!" Restuta akanidaka mkono. "Akilala hapumui."

Nikatoa mkono. Gari likaondoka. Restuta akafungua faili, akaniuliza bila kunitazama, "Nyumbani alikuwa analalia mito mingapi?"

"Mitatu."

"Tangu lini?"

"Wa pili tangu baada ya Idi. Wa tatu mwezi wa nane."

Tarehe nilizijua zote, kwa sababu mito hiyo nilimpelekea mimi. Nilikuwa naendelea kumhesabia huku sauti yangu inapungua, maana kila nilichokuwa nakisema nilikuwa nakisikia kwa mara ya kwanza. Restuta akaandika. Kisha akanitazama, akaitazama fulana yangu ya kazi, akalitazama bango kitita kwapani.

"Ni moyo," alisema polepole, kwangu tu. "Moyo ukichoka, maji yanajaa kifuani. Mtu akilala sawasawa yanamzidi. Ndiyo maana anaongeza mito."

Baba akainua macho.

"Dokta wangu."

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Salama?"

"Salama baba. Wewe?"

"Salama." Akavuta pumzi, akaisubiri ishuke. "Ila mito nimeiacha."

Tulifika mjini saa saba na nusu mchana. Kabla ya alasiri hakuwepo tena.

*

Baba yangu, Uwesu, alikuwa dalali wa mbuzi katika mnada wa Chemba. Tulizaliwa Kondoa, vilimani, lakini yeye alishuka Chemba kwa ajili ya mifugo na hakurudi tena. Kazi yake ilikuwa sauti. Siku ya mnada ungeweza kuwa stendi ya mabasi ukamsikia anamnadi beberu kama anamwozesha: huyu ana meno yote, huyu hajawahi kukohoa, huyu mama yake nilimjua. Watu walikuja kumsikiliza hata kama hawakuwa na shida ya mbuzi. Mama alifariki miaka sita iliyopita, na tangu hapo baba alikaa katika chumba chake ndani ya ua wa Yahaya, na kitanda cha futi nne, na redio, na mto mmoja.

Mimi niliishia kidato cha nne. Nilipopata mafunzo ya uhudumu wa afya ya jamii, baba aliutangazia mnada mzima kwamba bintiye sasa ni daktari. Nilimwambia, "Baba, ni miezi michache tu, tunafundishwa mambo madogo." Akajibu, "Watu wanakufa kwa mambo madogo." Tangu hapo akaniita Dokta wangu.

Kila asubuhi baada ya sala ya alfajiri nilimpigia.

"Umelalaje baba?"

"Nimelala salama, dokta."

Halafu ananiuliza mambo yake. Mjukuu wake alipoungua mkono kwa uji, alinipigia kabla hawajampaka dawa ya meno, nikamwambia ni maji baridi yanayotiririka, muda mrefu, na hakuna kingine. Akaenda kulisema hilo mnadani. Nikimwambia asali na maji ya moto kwa kikohozi, kesho yake ndivyo anavyomwambia kila anayekohoa mbele yake. Alikuwa mwanafunzi wangu mwaminifu kuliko nyumba zote za Msalato. Nililisema neno, yeye alilifuata.

Baada ya Idi ndogo, asubuhi moja, akasema:

"Nimelala salama. Ila niletee mto mwingine. Huu mmoja umekuwa mdogo."

Nikacheka. "Mto unakuwaje mdogo baba? Au kichwa ndicho kimekua?"

"Wewe lete tu."

Nilinunua mto wa sponji soko la Majengo, nikapanda basi la Kondoa nikashuka Chemba. Nilimkuta shangazi Sikudhani uani kwa Yahaya. Shangazi ni mdogo wake baba, mama mwenye sauti kama ya baba, ila yeye haitumii kwa mbuzi, anaitumia kwa watu. Aliuona mto kabla hajaniona mimi.

"Haya! Huo mto wa nani?"

"Wa baba."

"Kaka ana mto. Nimeuona kwa macho yangu."

"Anataka wa pili."

Shangazi akaweka chini ungo wa karanga aliokuwa anapeta. Akawaita wake za majirani. Akamwita mke wa Yahaya atoke jikoni.

"Njooni msikie! Mjane mwenye kitanda cha futi nne anataka mto wa pili. Wa pili wa kulaza kichwa gani?"

Ua mzima ukaanguka kwa kicheko. Baba alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha kamba, karibu na mlango wa chumba.

"Siku, acha maneno yako," alisema.

"Kaka, kama umechoka na baridi useme. Sisi dada zako tupo kwa kazi gani?"

"Nimesema mto, sikusema mke."

"Ndivyo inavyosemwa! Baba yetu alipotaka kumwoa mama mdogo alianza kwa kununua sufuria."

Baba akatikisa kichwa, akatabasamu kwa aibu, akautazama mkono wake. Nilimwona akifungua mdomo kama anataka kuongeza kitu. Lakini mimi nilikuwa nimeshamshika shangazi bega, nacheka naye, nasema, "Shangazi, mtafutie asiyekoroma, usingizi ni afya." Akafunga mdomo.

Mzee gani atasimama mbele ya wake za watu, mbele ya mkwewe na bintiye, akaeleza habari za kitanda chake? Mto ukawa umeshakuwa neno la aibu. Kuanzia siku ile baba hakuweza kuutaja mto bila watu kucheka, na mimi ndiye niliyecheka kwa sauti kuliko wote, kwa sababu nilikuwa na furaha. Niliona baba yangu anarudi kwenye maisha.

Alizeti zilipovunwa, Yahaya aliniambia kwa simu kwamba siku hizi baba hanadi. Anakaa kwenye stuli, anamnong'oneza kijana bei, kijana ndiye anayepaza sauti. Nikasema ni umri. Baba mwenyewe akaniambia viatu vinambana jioni, anavaa kandambili. Nikamwambia ni joto na kusimama sana, aloweke miguu kwenye maji ya uvuguvugu yenye chumvi, kisha ainyanyue juu ya kigoda. Alifanya. Jioni zote alifanya.

Asubuhi moja mke wa Yahaya alichukua simu.

"Wifi, mwambie baba. Anasinzia mchana kutwa kwenye kile kiti chake. Chakula kinapoa mapajani."

"Mpe simu." Baba akapokea. "Baba, ukilala mchana, usiku utaupata wapi usingizi? Ni kama kula saa kumi halafu kushangaa huna njaa ya chakula cha usiku."

"Kumbe ndiyo sababu?"

"Ndiyo sababu. Na redio uzime. Na chai ya jioni uache."

"Sawa, dokta."

Hiyo ilikuwa kwenye ukurasa wangu, mstari wa tatu. Sikukosea neno hata moja.

Wakati huohuo shangazi alikuwa ameshapata mtu. Rukaya, mjane wa pale pale Chemba, anayekamua na kuuza mafuta ya alizeti, mama mpole mwenye nyumba yake. Shangazi alimpeleka baba kumsalimia, akarudi anasema kaka yake alipofika kwa Rukaya alishindwa kuongea, pumzi ilimkatika, amekuwa kijana wa miaka kumi na minane. Tukacheka tena. Mwezi wa nane shangazi alishona mto wa tatu mwenyewe, wa sufi, akautia foronya nyeupe aliyoidarizi maua mekundu na maneno Usiku Mwema. Nami ndiye niliyetumwa mjini kununua nyuzi na foronya, nikazipeleka, na mto ulipokamilika nikauweka kitandani kwa baba kwa mikono yangu.

"Baba, sasa unayo ya kutosha," nikasema.

"Sasa nitalala," akasema.

Nakumbuka alivyoipanga. Wa sponji chini, wa zamani katikati, wa maua juu. Akajiegemeza, akafumba macho, akapumua. Nikadhani anaonja starehe ya bwana harusi. Nikatoka nje nikamwambia shangazi, na shangazi akapiga kigelegele.

*

Tulimzika Chemba Ijumaa. Watu wa mnada walikuja wote. Rukaya naye alikuja, akawa hajui akae wapi. Si mjane wa marehemu wa kuketishwa ndani na wafiwa, wala si jirani wa kusaidia kupika. Mwishoni alikaa kwenye kizingiti, na waliopita walimruka miguu.

Nilirudi Msalato kwa mume wangu. Sikulala. Majirani walikuja mmoja mmoja kunishauri na nilisikia ukurasa wangu ukirudi kwangu kwa midomo ya watu niliowafundisha: nisilale mchana, niweke simu mbali, nifungue dirisha, nioge maji ya uvuguvugu. Lulu alikuja na maziwa kwenye chupa.

"Ya mtoto hayo," nikamwambia.

"Wewe ndiye uliyesema usiku, wote ni watoto."

Nikayanywa mbele yake. Hayakunisaidia, lakini nilimshukuru. Sikumwambia mtu yeyote kuhusu swali la Restuta. Mume wangu alijua baba amekufa kwa moyo, Yahaya alijua hivyo hivyo. Yahaya alikuwa mbele na dereva, hakusikia. Moyo ni neno linalotosha watu. Mtu akiambiwa moyo, anasema ni kazi ya Mungu, na anasema kweli.

Kilichonikaba ni shangazi. Wiki ile ya kwanza alikuwa akijifariji kwa jambo moja tu, na alimwambia kila aliyeingia: "Angalau kaka yangu alikufa ana furaha. Alikuwa anaoa. Mito mitatu kitandani kama sultani." Nilimsikia akisema hivyo mara nyingi, na kila mara nilitoka nje. Nikimwambia, ninamnyang'anya kitu pekee alichobaki nacho. Nisipomwambia, nitamsikiliza akiusema mzaha ule mpaka tunazeeka, nami nikiitikia kwa kichwa.

Siku ya arobaini, baada ya hitima, shangazi na mimi tuliingia chumbani kwa baba kutenga vitu vyake. Kanzu mbili kwa imamu wa msikiti wao, koti kwa Yahaya, redio kwa yule kijana wa mnadani. Kiti cha kamba kilikuwa bado pale pale karibu na mlango. Shangazi akafika kitandani. Akaikumbatia mito yote mitatu kwa pamoja.

"Hii tumpelekee Rukaya," alisema. "Kwa haki ni yake. Kaka aliikusanya kwa ajili yake."

"Hapana shangazi."

"Hapana nini? Wewe unayo magodoro huko Msalato."

"Haikuwa ya Rukaya."

"Mwanangu, mimi ndiye niliyeshona huu. Najua ni ya nani."

Nikakaa kitandani. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno mengi na yote yakanikimbia, yakabaki yale ya Restuta tu. Nikamwambia kwamba muuguzi kwenye gari aliniuliza baba analalia mito mingapi. Nikamwambia kwa nini wanauliza. Nikamwambia maji yanajaa kifuani, mtu hawezi kulala chini, anaongeza mto, kisha mwingine, mwishowe anakaa. Nikamwambia ile pumzi iliyokatika kwa Rukaya. Nikamwambia na miguu, na viatu.

Shangazi hakukaa. Alisimama na mito kifuani, na nje nikasikia watoto wa Yahaya wakigombania kijiko, mmoja akashinda, mwingine akalia akanyamaza.

"Kaka aliniambia," alisema.

"Alikuambia nini?"

"Siku tunatoka kwa Rukaya. Alisimama njiani, akashika mti. Akaniambia, Siku, mimi sitaki mke, nataka kulala. Nikamjibu, wanaume wote ndivyo mnavyosema."

Nikanyoosha mkono kumshika. Akauvuta wake pembeni.

"Na wewe usomaji wako huo," akasema, si kwa ukali. Alikuwa anauliza kweli. "Kitabu chako hakisemi?"

"Hakisemi mito."

"Kinasema nini?"

"Kinasema asilale mchana."

Hapo ndipo mke wa Yahaya, aliyekuwa amesimama mlangoni na beseni na mimi sikujua, akasema kwa sauti ndogo: "Wifi, alikuwa ananawa uso."

"Nini?"

"Baba. Baada ya wewe kumkataza. Kila mchana pale kwenye kiti, usingizi ukimjia, ananiita nimletee maji baridi. Ananawa uso, ananawa tena. Nikamwambia baba sinzia kidogo tu, dokta hakuoni. Akasema, hapana, amesema."

Nilijua kile kiti. Mgongo wake umesimama wima. Katika siku nzima, mchana na usiku, hapo ndipo palipokuwa mahali pekee ambapo baba yangu angeweza kulala bila kuzama. Nami nilimwondoa hapo kwa simu, nikiwa Msalato, nikisoma mstari wa tatu.

Nililia siku ile jinsi ambavyo sikulia msibani. Shangazi aliiweka mito chini, akakaa karibu yangu, akaanza kunisugua mgongo kama anavyosuguliwa mtoto aliyepaliwa. Hakuniambia si kosa langu. Sikumwambia si kosa lake. Tungeweza kuambizana, watu walikuwa wamekwisha kutuambia hivyo siku arobaini, lakini sisi wawili tulikuwa ndani ya kicheko kile na tuliyajua maneno yote yaliyosemwa uani.

Baadaye aliivua ile foronya ya maua, akaikunja mara nne, akaitia kwenye mkoba wake.

"Rukaya asiambiwe," alisema.

"Asiambiwe."

"Yeye aliitikia kwa moyo safi. Mwache abaki na mchumba wake."

Mto wa sufi aliuchukua yeye. Ule wa zamani, wa wakati wa mama, Yahaya aliomba ubaki chumbani. Mimi nilirudi na ule wa sponji, kwenye basi nikaupakata.

*

Mvua za kwanza ziliponyesha nilirudi kazini. Mratibu wetu, Bwana Fabian, alisema naweza kupumzika hadi mwaka mpya, nikamwambia nyumbani sipumziki. Akanipa orodha yangu ya nyumba ileile.

Nyumba tano za kwanza nilipita bila shida, kuharisha, vidonda, homa ya mtoto. Nilipofika kwa Lulu nikafungua ukurasa wa usingizi, nikaliacha bango mapajani bila kusoma. Lulu alinitazama, akalichukua bango kutoka mapajani mwangu, akaligeuza, akaanza kunisomea yeye upande wa maneno. Chai, simu. Kusinzia mchana, dirisha. Na chini kabisa, kwa herufi ndogo, mstari ambao nimeusoma katika mamia ya nyumba: mtu akikosa usingizi kwa zaidi ya majuma mawili, apelekwe kituo cha afya.

"Huu mbona huwa unauharakisha?" Lulu akauliza.

Huwa nauharakisha kwa sababu ndio wa mwisho na nyumba inayofuata inanisubiri. Na baba hakuwahi kukosa usingizi. Kila asubuhi nilimuuliza na kila asubuhi alilala salama.

Nikamwomba Lulu kalamu. Kijana wake, Imrani, akaleta ya bluu kutoka kwenye begi la shule. Upande wangu wa bango, pale juu kabisa, kabla ya chai, nikaandika: Unalalia mito mingapi? Unaweza kulala chali? Kisha nikamuuliza Lulu.

"Mmoja," alisema. "Na Baba Imrani mmoja. Kwa nini?"

Nikamweleza. Hakucheka, lakini yeye alikuwa amekwisha kuona sura yangu.

Bango hilo ni mali ya mradi na hairuhusiwi kuliandika. Bwana Fabian ameuona ule wino. Wiki iliyopita aliniomba niandike maneno hayo kwenye karatasi ili awape wenzangu, nikaandika. Wazee wawili na mama mmoja nimewaandikia rufaa ya kituo cha afya. Mama yule alikuwa na mafua tu, pua imeziba. Mzee mmoja bado anaendelea na dawa. Wa pili alikataa kwenda, akasema analalia mito miwili kwa sababu ni ya harusi yake, na mke wake akathibitisha.

Nikiuliza swali hilo watu wengi hucheka, hasa wanawake, na wakiwa wawili au watatu huanza kutaniana kuhusu mto wa pili ni wa nani. Nasubiri wamalize kucheka, kisha nauliza tena.